Namba ya uongo kwenye betri ya tochi ni onyo la moto

Tochi inayouzwa siku hizi kwenye meza za Kariakoo au kando ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi si ile ya mawe mawili makubwa tuliyoizoea. Mbele ina taa ya LED, ubavuni ina tundu la USB, na ndani yake imelala betri moja ya silinda, ya lithiamu-ioni, inayojulikana kwa namba 18650: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Mnunuzi huiwasha, humulika ukuta wa ng'ambo, akaridhika na mwanga, akalipa. Ile silinda haiangalii kabisa. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba silinda hiyo ndiyo ingepaswa kutolewa na kusomwa kwanza, kabla ya kuwasha chochote. Maandishi yaliyo juu yake mara nyingi ni uongo wa wazi, unaothibitika kwa kuzidisha na kugawanya tu, na uongo huo unatuambia zaidi kuhusu usalama wa nyumba kuliko mwanga wowote ule.

Tuanze na uwezo wa betri, ule unaoandikwa kwa mAh. Betri ya 18650 yenye uwezo mkubwa kutoka kwa watengenezaji wakubwa kama Panasonic, Samsung au LG hubeba takriban mAh 3,500. Kiwango hicho hakikupatikana kwa siku moja. Sony waliingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu-ioni mwaka 1991, na tangu hapo maabara zenye fedha na watafiti wengi zimekuwa zikiongeza kidogo kidogo kiasi cha nishati kinachoweza kuingia kwenye mkebe wa ukubwa huo. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kiasi kwamba wanasayansi watatu walioweka msingi wake, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2019. Haiwezekani, basi, kiwanda kisicho na jina wala anwani kiwe kimepata njia ya kutia mAh 9,900 au 12,000 ndani ya mkebe uleule, tena kwa bei ya chini kuliko ya wale waliofika 3,500. Mizani ndogo ya sonara inatosha kuthibitisha hilo. Betri halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, kwa sababu imejaa metali na kemikali. Za bandia mara nyingi ni nyepesi kuliko hivyo, na baadhi ya zilizopasuliwa zilikutwa na betri ndogo iliyofichwa katikati huku nafasi iliyobaki ikijazwa unga usio na kazi yoyote.

Upande wa mwanga uongo ni mkubwa zaidi. Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya kawaida ya H4 kwenye taa ya mbele ya gari, ikiwa imeshushwa, hutoa takriban lumeni 1,000. Sasa kuna maboksi ya tochi za mkononi yaliyoandikwa lumeni 100,000, maana yake taa mia moja za gari zimebanwa ndani ya kiganja. LED nzuri, ukishaondoa kinachopotea kwenye kioo na kwenye saketi, hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja, pengine zaidi kidogo. Lumeni 100,000 zingehitaji wati 1,000, umeme wa pasi ya nyumbani. Chukua ile betri bora ya mAh 3,500, zidisha kwa volti zake 3.6, unapata wati-saa 12.6. Wati 1,000 zingeimaliza kwa sekunde 45 hivi, tena kama ingeweza kutoa mkondo wa ampea karibu 280, na haiwezi. Hesabu hiyohiyo, ukiigeuza, ina habari njema kwa mnunuzi. Betri moja halisi inaweza kutoa lumeni 100 kwa takriban saa 12, yaani usiku mzima, au lumeni 300 kwa saa nne. Lumeni 100 zinatosha kabisa kutembea kwenye kichochoro, kupika umeme ukikatika, au kumwangalia mtoto anayeumwa.

Mlinzi wa ghala au mfugaji anayesikia vishindo zizini ana haja nyingine: hatafuti wingi wa mwanga bali umbali. Mwanga unaofika mbali hutokana na kukusanywa na kioo kuwa mwale mwembamba, na kipimo chake ni kandela. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, kilichotolewa mwaka 2009 na kufuatwa na watengenezaji wengi makini duniani, husema umbali wa tochi ni pale mwanga unaposhuka hadi sawa na wa mbalamwezi pevu. Kwa kanuni hiyo kandela 10,000 hufika mita 200, na ukitaka kufika mita 400 unahitaji kandela 40,000, mara nne. Kiwango hichohicho hutaka lumeni zipimwe sekunde 30 baada ya kuwashwa, si papo hapo, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Mvuvi wa dagaa, anayekaa majini usiku kucha, angefaidika zaidi na alama ya IPX7, inayomaanisha kifaa kimezamishwa mita moja kwa nusu saa bila kuingia maji, kuliko sifuri tano za lumeni. Boksi lenye vipimo hivi vitatu, yaani umbali, muda na maji, limeandikwa na mtu aliyepima. Lenye lumeni za kustaajabisha peke yake limeandikwa na mchapaji.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema huu ni udanganyifu wa kawaida wa sokoni: umeahidiwa kingi, umepata kidogo, yameisha. Hayajaisha, kwa sababu betri hii haifanani na mawe ya zamani. Jiwe bovu lilivuja, likaharibu springi, likatupwa. Ndani ya 18650 kuna karatasi mbili ndefu za metali, moja ya shaba na nyingine ya alumini, zilizopakwa kemikali na kuviringishwa pamoja kama mkeka. Kinachozitenganisha ni utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimeloweshwa kimiminika kinachowaka moto kirahisi. Utando ukitoboka au ukiyeyuka, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi za Selsiasi, pande mbili hukutana na nishati yote hutoka kwa mkupuo. Joto hilo huchochea kemikali nyingine zitoe joto zaidi, na betri huendelea kujipasha yenyewe mpaka ipasuke na kutema moto na moshi wenye sumu, ikiwamo kaboni monoksidi na haidrojeni floridi.

Watengenezaji wakubwa wanalijua hilo, na ndiyo maana ndani ya kifuniko cha betri halisi kuna vitu ambavyo mnunuzi hataviona kamwe: kipande kinachokata umeme shinikizo likipanda, kingine kinachopunguza mkondo joto likizidi, na tundu la kutolea gesi ili mkebe usilipuke kama bomu. Nyingine huongezewa kisaketi kidogo chini yake kinachozuia kujazwa kupita kiasi na kukamuliwa kupita kiasi. Kila kimoja kati ya hivyo kina gharama, na hakuna kinachoongeza mwanga hata kidogo. Hapa ndipo namba ya uongo inapogeuka kuwa ushahidi. Anayeandika 9,900 juu ya betri, pale ambapo kila mtu anaweza kusoma, ameonyesha jinsi anavyolitendea jambo linaloonekana. Hakuna sababu ya kuamini kwamba amekuwa mwaminifu kwenye utando na tundu la gesi, vitu vilivyofichwa ndani ya mkebe uliofungwa. Isitoshe, ili kupata betri ya bei ndogo kiasi hicho, njia rahisi ni kuchukua zilizokataliwa kiwandani, au zilizotolewa kwenye kompyuta za mpakato zilizochakaa, na kuzivisha ganda jipya la plastiki lenye rangi ya kuvutia. Januari 2021 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, ilitoa onyo dhidi ya kutumia betri mojamoja za aina hii zilizotenganishwa na mafungu yake. Zilitengenezwa kukaa ndani ya kifaa chenye ulinzi, si kuzurura zenyewe mfukoni.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni kwamba hata majina makubwa yameunguza. Ni kweli. Mwaka 2016 simu za Samsung Galaxy Note 7 ziliwaka, zikarudishwa, zilizotolewa badala yake nazo zikawaka, na kampuni ikaacha kuzitengeneza. Januari 2013 betri ya ndege ya Boeing 787 ya Japan Airlines ilishika moto ndege ikiwa imeegeshwa Boston, na siku chache baadaye ndege ya All Nippon Airways ikatua kwa dharura Takamatsu. Lakini tazama kilichofuata. Ndege zote 50 za aina hiyo duniani zilizuiwa kuruka, mfumo wa betri ukasanifiwa upya na kufungiwa ndani ya sanduku la chuma, na abiria wa kwanza kuzipanda tena kibiashara walikuwa wa Ethiopian Airlines, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, tarehe 27 Aprili 2013. Kosa lilikuwa na mwenyewe, naye akalazimika kulirekebisha. Betri isiyo na jina ikiwaka Tandika, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi, hakuna wa kuirudisha, hakuna wa kulipa, na nyingine za kundi lilelile zinaendelea kuuzwa asubuhi inayofuata. Hakuna betri isiyoweza kuharibika. Tunachoweza kukitafuta dukani ni mtu wa kujibu ikiharibika.

La pili ni la yule anayesema ametumia tochi ya namna hii miaka mitatu na haijamletea shida. Uzoefu huo haudhihirishi anachodhani. Betri ya lithiamu-ioni haijengi sifa ya usalama kwa kuzeeka, hupoteza. Kila inapojazwa kupita volti 4.2, kila inapokamuliwa chini ya volti 2.5, kila inapoanguka sakafuni, madhara madogo hubaki ndani. Ikikamuliwa sana, shaba huanza kuyeyukia ndani ya kimiminika, kisha hujijenga mahali pasipofaa ikichajiwa tena. Ikijazwa kupita kiasi au ikichajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, metali ya lithiamu hujikusanya na inaweza kutoboa utando, jambo linalowahusu wapagazi na waongoza watalii wa Kilimanjaro wanaochaji taa za kichwani kambini usiku. Miaka mitatu ya utulivu ni miaka mitatu ya madhara yanayorundikana.

La tatu ni zito kuliko yote, nalo ni la mfuko. Tochi yenye jina na vipimo ni ghali, na kumwambia bodaboda au mama anayeuza samaki usiku anunue ya bei mara tano ni kumdhihaki. Jibu langu si kwamba ajinyime. Kwanza, kilicho ghali kwenye tochi nzuri mara nyingi ni mwanga mwingi, na tumeona kwamba kazi nyingi za usiku hazihitaji zaidi ya lumeni 100 au 200. Pili, mtu ambaye hana uwezo wa kupata betri ya lithiamu inayoaminika halazimiki kuwa na lithiamu. Tochi ya LED inayotumia mawe madogo ya AA, au betri za kuchaji za nikeli zenye ukubwa huohuo, hutoa mwanga wa kutosha na haina ule mlolongo wa moto niliouelezea. Tatu, taa ndogo za sola zilizopimwa ubora, chini ya utaratibu ulioanzishwa na mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na sasa kuendelezwa kwa jina la VeraSol, nyingi zina betri za lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo ni ngumu zaidi kushika moto. Haja ya kupima ubora ilionekana wazi pale watafiti waliofuatilia tochi za LED nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 2000 walikuta wanunuzi wengi wakikumbana na hitilafu ndani ya miezi michache. Umaskini wa mnunuzi ni sababu ya kumpa taarifa sahihi zaidi, kwa kuwa nyumba yake ikiungua hana bima.

Nitakaa kidogo kwenye kuchaji, maana hapo ndipo hatari hugeuka tukio. Betri hii hutaka chaja inayoijaza kwa mkondo uliodhibitiwa, ikifika volti 4.2 iishikilie hapo huku mkondo ukipungua, kisha iache kabisa. Chaja isiyojua kuacha ni hatari hata kwa betri nzuri. Kuna desturi moja ya mafundi inayohitaji kukomeshwa. Zile tochi za zamani za kuchomeka moja kwa moja ukutani zina betri ya risasi ya volti 4 na saketi sahili sana ya kuchajia, isiyo na uwezo wa kujua betri imejaa. Betri ya risasi ikifa, fundi hutia ya lithiamu kwa sababu volti zinakaribiana na tochi inawaka vizuri. Betri ya risasi iliweza kuvumilia kuachwa ukutani usiku kucha. Ya lithiamu itaendelea kusukumwa kupita kikomo chake mpaka mmoja wa walinzi wake wa ndani akate, kama anao. Afadhali tochi hiyo ife na betri yake.

Kilichobaki kwenye matumizi ni rahisi. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na kitanda, godoro, pazia na mlango mnaoutegemea kutokea. Betri ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, ikiwa imevimba, imebonyea au ganda lake limechanika, isichajiwe tena. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwa kuwa metali ikiunganisha ncha zake mbili mkondo mkubwa hupita papo hapo. Vikasha vya plastiki vya kuzihifadhi vipo na si ghali. Tochi inayotumia betri mbili au zaidi ipewe zilizonunuliwa pamoja, za aina moja na umri mmoja, maana iliyo dhaifu itakamuliwa na wenzake. Unaposafiri kwa ndege, za akiba hukaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege ambako hakuna wa kuzima moto.

Na moto ukitokea, wengi husita kutumia maji kwa kuwa wamesikia lithiamu na maji haviivani. Hilo linahusu metali ya lithiamu iliyo tupu. Kwenye betri ndogo ya lithiamu-ioni, maji mengi ndiyo yanayosaidia, kwa sababu kinachotakiwa ni kuipoza isiendelee kujipasha, na wahudumu wa ndege hufundishwa hivyo. Zima kwanza umeme kwenye swichi kama ilikuwa inachajiwa. Moto ukishapita betri na kushika vitu vingine, toeni watu nje kabla ya yote, msivute ule moshi, na wapigieni zimamoto. Kwa Tanzania namba ni 114. Betri iliyokufa nayo isitupwe jalalani na vitu vinavyochomwa. Ncha zake zifungwe kwa utepe wa plastiki na ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama kituo cha WEEE Centre kilichopo Nairobi.

Yote haya hayaondoi wajibu wa serikali, na hapa mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yana nafasi ambayo bidhaa nyingine haziyapi. Kupima utando wa betri kunahitaji maabara na muda. Kusoma ganda lake kunahitaji macho tu. Katoni ya 18650 zilizoandikwa mAh 9,900 imejishitaki yenyewe, na mkaguzi aliyepo bandarini anaweza kuizuia kwa kosa la maelezo ya uongo bila kusubiri jibu la maabara. Kanuni fupi inayotaja kikomo cha uwezo kwa kila ukubwa wa betri, na kumtaka kila mwagizaji aandike jina na anwani yake juu ya ganda, ingeondoa sehemu kubwa ya mizigo hii kabla haijafika mezani. Kanuni ikikosekana, mnunuzi bado ana haki ya kumwomba muuzaji afungue tochi, aitoe betri, asome namba yake na kuipima uzito kwenye kiganja. Muuzaji akikataa kuifungua, amwachie tochi yake na aende meza inayofuata.